Kubadili Tensheni ya Mkanda wa Taimingi Wakati wa Kupandikiza Injini ya Subaru EJ

Injini za Subaru za familia ya EJ zilianza kuuzwa mwaka 1989 ndani ya Legacy ya kwanza, na ziliendelea kuundwa kwa miaka thelathini na zaidi. Katika muda huo zilibadilika mara nyingi bila umbo lake la nje kubadilika sana, kiasi kwamba bloku ya mwaka 1994 na bloku ya mwaka 2004 zinaweza kukaa katika chumba kilekile cha injini, zikashika mauntini zilezile, na bado zikatofautiana katika vitu vidogo vinavyoamua kama gari litadumu. Kimojawapo ni tensheni ya mkanda wa taimingi, yaani kile kifaa kinachoubana usilegee wala kuruka meno ule mkanda unaoiunganisha krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni za injini) na kamshafti (mihimili inayofungua valvu). Hadi kufikia takriban mwaka 1997, EJ zilikuja na tensheni ya vipande viwili, pistoni ya mafuta ikiwa peke yake na puli ikiwa peke yake kwenye mkono wake. Baada ya hapo ikaja tensheni ya kipande kimoja, ambayo pistoni, mkono na puli vimeunganishwa na kufungwa kwa boliti moja.

Swali la kuchagua kati ya aina hizi mbili humkuta karibu kila anayepandikiza EJ ya mtumba. Injini inashushwa kutoka kwenye kontena la Japani au la Dubai ikiwa na tensheni ya zamani inayovuja, au haina tensheni kabisa kwa sababu muuzaji ameitoa akaiuza peke yake. Na mwenye gari akienda Kirinyaga Road mjini Nairobi, au Gerezani pale Dar es Salaam, spea anazozikuta kwa wingi ni za aina mpya. Kwa hiyo anajiuliza kama aina mpya inaweza kukaa kwenye injini ya zamani. Inaweza, kwa sharti moja ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu: tensheni haihamishwi peke yake. Inahamishwa pamoja na braketi yake, na braketi ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Kwa nini ubadili, na lini usihangaike

Tensheni ya zamani si kifaa kibovu. Ikiwa nzima inafanya kazi yake vizuri, na kama injini uliyoinunua imekuja nayo kavu, ngumu, isiyovuja, na unaweza kupata puli mpya ya aina hiyohiyo, unaweza kuirudisha bila wasiwasi. Udhaifu wake uko katika namna ya kuifunga. Pistoni yake imeshikwa kwa boliti mbili zinazopita kwenye matundu marefu, na fundi anatakiwa kuisukuma pembeni, kuikaza kwa muda, kupitisha mkanda, kisha kuilegeza tena, kuisogeza upande wa puli na kuikaza kabisa. Fundi aliyezoea aina mpya huichomoa pini (ile inayoizuia pistoni isitoke wakati wa kufunga) akadhani kazi imekwisha, na mkanda unabaki umebanwa nusu. Kelele ya kugongagonga upande wa mbele kulia injini inapowaka ikiwa baridi, katika EJ za zamani, mara nyingi hutoka kwenye tensheni ya aina hii iliyochoka.

Aina mpya haina marekebisho ya pembeni. Inafungwa, mkanda unapitishwa, pini inachomolewa, na pistoni yenyewe inatafuta mahali pake. Kwa injini itakayotumika kila siku, mahali ambapo spea za aina mpya ndizo zinazopatikana, ninaona mabadiliko haya yana faida kubwa kuliko usumbufu wake, hasa kwa kuwa injini tayari iko nje. Kuyafanya baadaye, injini ikiwa ndani ya gari, kunawezekana pia, lakini utalazimika kutoa radieta, feni na mikanda ya nje ili ufike mahali ambapo sasa hivi uko wazi mbele yako.

Jambo jingine la kupima ni aina ya injini. EJ22 ya kamshafti moja kila upande, za miaka ya 1990 hadi 1996, valvu zake hazigusani na pistoni za injini mkanda unapokatika. Gari linazima tu. EJ25 ya kamshafti nne na EJ nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hazina huruma hiyo: mkanda ukiruka meno machache, valvu zinapinda na inabidi silinda hedi zifunguliwe. Kwenye kundi hili la pili, tensheni ya kubahatisha haifai hata kwa gari la kuendeshwa sokoni na kurudi.

Vitu vya kukusanya kabla ya kugusa boliti

Tafuta braketi kwanza. Ni kipande cha aluminiamu kinachofungwa mbele ya bloku, kati ya krenki na silinda za upande wa kulia, na ndicho kinachopokea boliti ya tensheni. Braketi ya zamani ina umbo la kupokea pistoni iliyo peke yake na puli yake. Braketi mpya ina tundu moja kubwa lenye nyuzi kwa ajili ya boliti ya tensheni ya kipande kimoja. Usijaribu kutoboa ya zamani ili ifanane na mpya. Nimewahi kuona jaribio la namna hiyo likiwa limepambwa kwa washa tatu, na puli ikiwa imeinama mbele kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Mkanda unaopita juu ya puli iliyoinama hutembea kuelekea ukingoni hadi ukalike ubavu.

Braketi ya mtumba kutoka kwenye EJ ya baadaye inafaa, lakini ikague kwa makini kuliko unavyokagua kitu kingine chochote katika kazi hii. Nyuzi za tundu la boliti ya tensheni ni za aluminiamu na zinajulikana kwa kuchomoka, hasa pale mtu aliyetangulia alipokaza kwa nguvu ya mkono bila toki renchi, yaani renchi inayopima nguvu ya kukaza. Ingiza boliti safi kwa vidole. Inapaswa kuzunguka hadi mwisho bila kukwama na bila kuchezacheza. Ukiona vipande vya aluminiamu vimenasa kwenye nyuzi za boliti iliyotoka humo, iache braketi hiyo dukani. Nyuzi zinaweza kurekebishwa kwa kutia nyuzi za chuma, lakini kazi hiyo ifanywe na karakana yenye drili ya kusimama, kwa sababu tundu likienda upande hata kidogo unarudi kwenye tatizo la puli iliyoinama.

Pamoja na braketi chukua boliti zake mwenyewe. Urefu wa boliti za braketi ya zamani na mpya usiuchukulie kuwa ni mmoja; boliti ndefu mno hufika mwisho wa tundu kabla ya kubana, ikakupa kipimo kizuri cha toki huku braketi ikiwa imelegea. Tensheni yenyewe inunuliwe mpya. Hapa sina mjadala, kwa sababu pistoni ya mafuta huchakaa ndani ambako macho hayafiki. Mikanda na tensheni huuzwa pia kwa seti, na seti za Aisin, ambazo hukusanya vipande vya watengenezaji wa Japani waliozoea kuihudumia Subaru, ni chaguo zuri ukizipata kwa muuzaji anayeaminika. Kopi za sanduku lilelile ni nyingi sokoni, basi pima uzito, zungusha puli kwa mkono, na utazame kama maandishi yamechongwa kwenye chuma au yamebandikwa tu.

Mkanda unachaguliwa kulingana na silinda hedi, si kulingana na tensheni. Injini ya kamshafti moja kila upande ina mkanda wake, na ya kamshafti mbili kila upande ina wake ulio mrefu zaidi. Hesabu meno ya mkanda uliotoka na uyalinganishe na mpya kabla ya kuutoa kwenye karatasi yake. Puli za kuongozea mkanda nazo ziwe mpya, ile yenye meno na zile laini, na uzilinganishe kipenyo na unene na zile zilizotoka kwenye injini. Ongeza wota pampu na gasketi yake, sili ya mbele ya krenki, sili za kamshafti, na sili za oil pampu. Kwa zana utahitaji soketi ya milimita 22 kwa boliti ya krenki, ya 14 kwa tensheni na puli, toki renchi inayosoma vipimo vidogo na nyingine ya vipimo vikubwa, na alenki ya milimita 2 ya kutumia kama pini.

Kulia na kushoto

Maelezo mengi ya Subaru yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya Marekani, na yanaposema upande wa dereva yanamaanisha kushoto. Gari lako la usukani wa kulia linaigeuza maana hiyo. Katika mwongozo huu, kulia ni kulia kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Huko ndiko ziliko silinda namba 1 na 3, na ndiko iliko tensheni. Ukisimama mbele ya injini iliyo kwenye stendi, tensheni iko upande wa mkono wako wa kushoto, na wota pampu iko upande wa mkono wako wa kulia. Andika herufi kubwa kwa chaki kwenye vifuniko vya valvu kama kuna watu wawili wanaofanya kazi pamoja.

Hatua ya kwanza: kuifikisha injini kwenye alama

Injini ikiwa imefungwa vizuri kwenye stendi, toa puli ya krenki na vifuniko vya plastiki vya mbele. Rudisha boliti ya krenki kwa vidole na utumie soketi kuizungusha krenki kwa mwelekeo wa saa hadi alama zote zikutane. Kosa maarufu kuliko yote katika EJ linatokea hapa. Sproketi ya krenki, yaani gurudumu lake la meno linaloshika mkanda, ina mshale unaovutia macho kwa mbele. Mshale huo unaonyesha silinda namba 1 ikiwa juu kabisa, na si alama ya kufungia mkanda. Alama ya mkanda ni mstari mdogo uliochongwa nyuma, kwenye ulimi mmoja wa lile duara linalosomwa na sensa ya krenki, nao unapaswa kuelekea juu na kulingana na mkato ulio kwenye oil pampu. Katika hali hiyo mfereji wa ki ya krenki (kipande cha chuma kinachoizuia sproketi isiteleze juu ya krenki) unatazama chini, na pistoni zote nne ziko katikati ya silinda zake. Ndiyo maana kamshafti zinaweza kuzungushwa kidogo katika hali hii bila valvu kugusa pistoni.

Kwenye injini ya kamshafti moja kila upande, alama ya kila sproketi ya kamshafti inaelekea juu na kulingana na mkato wa kifuniko cha nyuma. Kwenye injini ya kamshafti mbili kila upande kuna alama za ziada: mistari miwili ya sproketi ya juu inatazamana na mistari miwili ya sproketi ya chini, huku mstari mmoja mmoja ukilingana na mikato ya pembeni. Piga picha kabla ya kutoa chochote, hata kama injini haikuwa kwenye taimingi sahihi ilipofika, kwa sababu picha itakuonyesha pia njia ya mkanda.

Hatua ya pili: kuvua mkanda na tensheni ya zamani

Kama mkanda wa zamani bado upo na tensheni bado inabana, toa kwanza puli moja ya kuongozea ili mkanda upate ulegevu, kisha uvute polepole. Kwenye injini ya kamshafti nne, weka mikono mbali na sproketi za kushoto wakati huo. Kamshafti hizo zinakaa kwenye alama zikiwa zimebeba mgandamizo wa springi za valvu, na mkanda ukiachia zinaruka kwa nguvu inayoweza kuumiza kidole. Zikiruka, zirudishe moja moja na kwa njia fupi iliyoelekezwa katika mwongozo wa injini yako, maana valvu za kuingizia na za kutolea upande huo zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa fungua boliti mbili za pistoni ya zamani, toa puli na mkono wake, halafu ufungue braketi. Viweke vyote pamoja kwenye mfuko mmoja pamoja na boliti zake. Hata kama hutavitumia, vitakusaidia kulinganisha urefu, na kuna mtu mwingine mwenye EJ ya zamani ambaye anavitafuta.

Hatua ya tatu: kazi za nyuma ya mkanda

Mkanda uliolowa mafuta haudumu, na hakuna tensheni itakayoukomboa. Kabla ya kufunga braketi mpya, shusha oil pampu na utazame skrubu za bamba lake la nyuma. Katika EJ nyingi skrubu hizo hujilegeza zenyewe kwa miaka, na pampu inayovuja ndani inapunguza presha ya mafuta bila kuonyesha dalili yoyote nje. Zisafishe, tia gundi ya nyuzi, zikaze, kisha uirudishe pampu kwa sili mpya na gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wembamba. Badilisha sili ya krenki wakati huohuo. Sili za kamshafti ubadilishe kama unaona jasho la mafuta chini yake au kama hujui umri wake. Kwa injini ya mtumba, hujui umri wake.

Futa nyuso zote za bloku pale braketi itakapokaa. Rangi, kutu ya aluminiamu na mabaki ya gasketi yanatosha kuiinamisha braketi. Pitisha tapu (chombo cha kusafishia nyuzi za tundu) ya saizi sahihi kwenye matundu ya bloku, puliza kwa hewa, na uhakikishe hakuna mafuta yaliyojaa ndani ya tundu, kwa kuwa mafuta yaliyonaswa chini ya boliti yanaweza kuipasua aluminiamu.

Hatua ya nne: kufunga braketi na kuijaribu kavu

Weka braketi mpya mahali pake bila tensheni, ingiza boliti zake zote kwa vidole, na uangalie kama inalala bapa bila kupepesuka. Kama inayumba, kuna uchafu nyuma yake au si braketi sahihi. Ikilala vizuri, ikaze kwa zamu, boliti moja baada ya nyingine, hadi Nm 24.5 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye toki renchi). Kisha ifunge tensheni kwa muda, pini yake ikiwa bado ndani, na uweke rula ndefu iliyonyooka ikigusa uso wa puli ya tensheni na uso wa puli ya jirani. Unachotafuta ni kwamba puli zote ziko kwenye mstari mmoja, kwamba ukingo wa puli haujatokeza mbele wala kuzama nyuma ya njia ya mkanda. Zungusha mkono wa tensheni kwa macho na ufikirie utakavyosogea: haupaswi kugusa bloku, oil pampu wala kifuniko cha nyuma.

Kifuniko cha plastiki ndicho kinachosahaulika. Kama unatumia vifuniko vya injini ya zamani na tensheni mpya, bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya puli na mkono, funga kifuniko cha mbele kwa muda, kisha ukivue uone udongo umebanwa kiasi gani. Ukiwa umefika kwenye chuma, tafuta kifuniko kinacholingana na tensheni. Usikikate kifuniko kwa kisu ili kipite, kwa maana tundu lililo wazi mbele ya mkanda huingiza kokoto, na barabara zetu zina kokoto za kutosha.

Hatua ya tano: kuipima na kuibana pistoni

Tensheni mpya kutoka kwenye sanduku kwa kawaida huja na pini yake, na hapo huna haja ya kuibana. Kama pini imetoka, au kama unalazimika kutumia tensheni iliyowahi kutumika kwa muda, lazima ujue namna ya kuibana bila kuiua. Kwanza tazama sili ya fimbo, ile sehemu ya pistoni inayotoka nje ya mwili wake: ukungu mwembamba wa mafuta si kasoro, lakini tone ni kasoro. Fimbo ikiwa imetoka kabisa, sehemu inayoonekana nje ya mwili inapaswa kuwa kati ya milimita 5.2 na 6.2 kwa aina mpya. Aina ya zamani ina kipimo tofauti kabisa, milimita 15.4 hadi 16.4, na kuchanganya vipimo hivi viwili ndiko kunakofanya tensheni nzima itupwe au mbovu irudishwe.

Kubana kufanywe kwa presi ya kusimama wima. Jiliwa la mezani linalobana kwa ulalo halifai, kwa sababu tensheni ikilala, hewa iliyo ndani huingia kwenye chumba cha mafuta na pistoni hupoteza ugumu wake. Sukuma polepole, kwa zaidi ya dakika tatu kwa mbano mmoja, na usizidishe nguvu ya kilo 1,000. Dakika tatu ni ndefu unapokuwa umesimama mbele ya presi. Weka saa, kwa kuwa mkono una haraka kuliko akili. Matundu ya mwili na ya fimbo yakilingana, ingiza alenki ya milimita 2 na uachie presi taratibu. Pistoni iliyozama kirahisi, kama bomba la sindano lisilo na dawa, imekwisha na isirudi kwenye injini.

Hatua ya sita: tensheni, puli na mkanda

Funga tensheni kwenye braketi na uikaze hadi Nm 39. Nambari hii ni ndogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani, na kila Nm unayoongeza kwa kujiamini inatoka kwenye uhai wa nyuzi za aluminiamu. Puli za kuongozea nazo hukazwa Nm 39. Acha moja isifungwe kwanza. Mafundi wengi huacha ile yenye meno, iliyo karibu na wota pampu, kwa kuwa inawapa nafasi ya kumalizia mkanda.

Hakikisha tena alama zote za krenki na kamshafti. Shika mkanda mshale wake ukielekea upande ambao injini inazungukia. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda mpya imewekwa kwa makusudi: mstari wa nukta unakaa kwenye alama ya krenki, na mistari mizima inakaa kwenye alama za kamshafti. Anza kwenye krenki, uupeleke upande mmoja kisha mwingine, ukiweka jino kwa jino na kuushikilia kwa vibanio vya plastiki au vibanio vya karatasi usiteleze. Usitumie bisibisi kuusukuma mkanda mahali pake, na usiukunje kwa ukali. Nyuzi zilizo ndani yake zikivunjika huzioni kwa nje.

Mkanda ukiwa umekaa, funga ile puli ya mwisho. Tazama kila mstari wa mkanda na kila alama kwa mara nyingine ukiwa umesimama moja kwa moja mbele ya sproketi husika, si pembeni, kwa sababu pembeni jino moja hufanana na nusu jino. Ukiridhika, vuta pini ya tensheni.

Hatua ya saba: kuzungusha kwa mkono

Zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa saa, polepole, kwa soketi na mkono tu. Ukihisi kizuizi kigumu, simama, usiongeze nguvu. Rudi kwenye alama. Alama za sproketi zote zinapaswa kulingana kama mwanzo. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda haitalingana tena, na hilo ni la kawaida kabisa, kwa hiyo usivue mkanda kwa hofu hiyo. Pima tena fimbo ya tensheni na uangalie kama mkanda unapita katikati ya puli zake zote.

Hapa pia ndipo panapohusika giaboksi ya gari linalopokea injini. EJ zilizotoka kwenye magari ya gia za mkono huwa na kilinda mkanda cha chuma karibu na sproketi ya krenki, na baadhi zina vingine kwenye kamshafti. Magari ya gia za otomatiki mara nyingi hayana. Kazi yake ni kuuzuia mkanda kuruka meno gari linaposukumwa nyuma likiwa kwenye gia, kwa mfano lililoegeshwa mlimani. Kwa hiyo injini ya otomatiki inayoingia kwenye gari la gia za mkono inapaswa kuongezewa kilinda hicho, kikiachiwa nafasi ya milimita 1, au pungufu ama ziada ya nusu milimita, kati yake na mgongo wa mkanda.

Jambo jingine la upandikizaji ni duara la meno linalosomwa na sensa, lililo nyuma ya sproketi ya krenki, pamoja na alama za sensa kwenye sproketi ya kamshafti ya kushoto. Idadi na mpangilio wake vilibadilika kati ya vizazi vya EJ. Kompyuta ya gari inasoma mpangilio wa injini iliyokuwa nayo awali. Kama injini unayoipandikiza ni ya kizazi kingine, hamisha sproketi kutoka injini iliyotolewa kwenye gari kabla ya kufunga mkanda, maana bila hivyo gari litapiga stata siku nzima bila kuwaka huku taimingi yako ikiwa sahihi kabisa.

Hatua ya nane: puli ya krenki na kuwasha

Boliti ya puli ya krenki ndiyo inayovunja EJ nyingi kimyakimya. Ikikazwa pungufu, puli inacheza, ki inakata mfereji wake, na mwisho wa krenki unaharibika kiasi cha kudai krenki nyingine. Nguvu ya kuikaza inategemea mwaka na aina ya injini, na katika EJ za baadaye za kamshafti moja hufika karibu na Nm 180; chukua kipimo kwenye mwongozo wa injini uliyo nayo, safisha boliti, na uizuie krenki isizunguke kwa zana ya kushikia puli au kwa kuifunga fulaiwili. Kupigilia boliti kwa mashine ya hewa hadi ikatae si kipimo.

Injini ikishaingia garini, na kabla ya kuunganisha koili na nozeli, piga stata kwa muda mfupi mara kadhaa hadi taa ya presha ya mafuta ya injini izime au geji yake ipande. Kisha unganisha kila kitu na uiwashe bila kifuniko cha mbele cha upande wa tensheni, ukiwa umevaa nguo zisizoning'inia. Mkanda unapaswa kupita bila kupepea, mkono wa tensheni ukitikisika kidogo tu injini inapopandishwa mizunguko. Kugongagonga kwa sekunde chache mwanzoni, pistoni inapojaza mafuta, kunavumilika. Kugongagonga kunakoendelea injini ikiwa na joto kunamaanisha tensheni ina hewa ndani au braketi haijalala. Zima, na urudi hatua ya nne.

Funga kifuniko, kisha andika juu yake kwa rangi isiyofutika tarehe, kilomita za gari, na maneno kwamba tensheni ni ya aina mpya pamoja na braketi yake. Mkanda wa EJ nchini Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000, na fundi atakayeufungua wakati huo atakuwa anaangalia bloku ya zamani yenye tensheni asiyoitarajia.